Picha Ghafi au Picha Iliyosafishwa na Kamera?

Miongoni mwa wapiga picha wa ridhaa, yaani wale wapigao picha kwa kupenda tu wala si kwa mshahara, upo mjadala ambao haujapata kwisha tangu kamera za mkanda zilipoanza kuzipisha njia kamera za kidijitali. Mjadala wenyewe ni huu: je, mtu aiagize kamera yake ihifadhi faili ghafi, lijulikanalo kwa jina la RAW, au aiache kamera imsafishie picha papo hapo na kumpa faili la JPEG lililo tayari kutazamwa? Kila mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Watu wa upande wa kwanza huwaona wenzao kuwa wavivu. Watu wa upande wa pili huwaona hao wa kwanza kuwa wanakesha bure mbele ya kompyuta kwa kazi ambayo kamera huimaliza kufumba na kufumbua.

Msomaji aweza kuuliza: mabishano hayo yatuhusu nini sisi tulio kambini, vituoni na majumbani? Yatuhusu sana. Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera, na simu nyingi zaweza kutoa mafaili ya namna zote mbili: zile za Android tangu mwaka 2014, na zile za iPhone tangu mwaka 2016. Isitoshe, zipo picha ambazo hazipigwi mara mbili. Gwaride la kijana wako la kumaliza mafunzo hupita mara moja tu mbele ya mgeni rasmi. Bibi arusi huingia ukumbini mara moja. Mzazi mgonjwa hangoji taa irekebishwe. Picha ya siku hiyo ikiharibika, maji yakimwagika hayazoleki.

KINACHOTOKEA NDANI YA KAMERA

Nyuma ya lenzi ya kamera ya kidijitali, mahali palipokuwa pakikaa mkanda, pana bamba dogo lenye mamilioni ya vijitundu vya kupimia mwanga, viitwavyo pikseli. Kila pikseli hupima wingi wa mwanga tu, rangi haiijui. Ili rangi zipatikane, bamba hilo hufunikwa kwa vichujio vidogo sana. Katika kamera nyingi, kila kundi la pikseli nne huwa na vichujio viwili vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak ya Marekani, na hataza yake ikatolewa mwaka 1976. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Steven Sasson, mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, alikuwa ameunda kamera ya kidijitali ya kushikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ikipiga picha ya pikseli 10,000 tu na kuiandika katika kaseti kwa muda wa sekunde 23.

Faili ghafi ni orodha ya vipimo hivyo vya mwanga, karibu kama vilivyosomwa na bamba. Bado si picha. Ili liwe picha, hapana budi rangi zinazokosekana katika kila pikseli zikisiwe kutokana na pikseli jirani. Weupe usawazishwe kulingana na aina ya taa. Giza na mwangaza vipangwe. Kingo za vitu zikazwe. Na chembechembe zipunguzwe. Kazi hiyo yote ni ndugu wa ile ambayo mafundi wetu wa studio waliiita kusafisha picha. Mpiga picha wa RAW huifanya mwenyewe baadaye kwa programu ya kompyuta. Mpiga picha wa JPEG huiachia kamera, nayo huimaliza kabla hajashusha mikono.

Baada ya kusafisha, kamera huibana picha ili ipungue ukubwa. Kanuni ya JPEG, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho la mwanadamu haliyaoni kwa urahisi. Kinachotupwa hakirudi. Kadhalika, JPEG huweka ngazi 256 tu za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu, ilhali faili ghafi la biti 12 huwa na ngazi 4,096, na la biti 14 huwa na ngazi 16,384.

Wapishi watalielewa jambo hili upesi. Faili ghafi ni unga, na JPEG ni ugali. Kwa unga waweza kupika ugali, uji au mandazi, leo au mwezi ujao. Ugali ukishaiva haurudi kuwa unga. Lakini yafaa pia tukumbuke kwamba mgeni mwenye njaa hapewi unga autafune.

NYUSO ZETU NA VAZI JEUPE

Faida kubwa ya faili ghafi huonekana pale kamera inapokosea, na kwetu sisi Waafrika hukosea mahali panapoumiza. Kipimo cha kamera hutaka kuyaleta yote yaliyo mbele yake kwenye wastani wa kijivu. Mweke bwana arusi mwenye uso mweusi kando ya bibi arusi aliyevaa gauni jeupe, chini ya jua la saa saba. Kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na nyuso zote mbili huzama gizani.

Tatizo hili lina historia. Tangu miaka ya 1950, mitambo ya kusafishia picha za rangi ilikuwa ikirekebishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Rangi ikimfaa yeye, ilihesabiwa kuwa sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutolewa katika miaka ya 1990. Maelfu ya nyuso za wazee wetu zilizogeuka makaa katika albamu hazikuwa na kosa. Kipimo ndicho kilichowekwa kwa ngozi ya mtu mwingine.

Kwa faili ghafi, mpiga picha aweza kuinua kivuli cha uso bila kuligusa gauni, kwa kuwa ngazi nyingi za mwanga zimehifadhiwa hata katika giza. Akijaribu hivyo katika JPEG, mara nyingi hupata mabaka na madoadoa mahali pa ngozi. Ndivyo ilivyo pia kwa rangi ya taa. Picha iliyopigwa ukumbini chini ya balbu ya kawaida, ikatoka ya manjano, husawazishwa kwa urahisi ikiwa ghafi; ikiwa JPEG, marekebisho makubwa huziharibu rangi nyingine.

Hata hivyo, wapenzi wa RAW wasitie chumvi. Pikseli iliyojaa mwanga hadi pomoni haina habari yoyote zaidi ya kwamba imejaa. Wingu au gauni lililoungua kabisa haliponyeki kwa programu yoyote. Picha isiyolengwa vizuri, au iliyotikiswa na mkono, ni hivyo hivyo ikiwa ghafi au ikiwa imeiva.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wanaotetea JPEG nao wana hoja nzito. Kwanza ni ukubwa. Kamera ya pikseli milioni 24 yaweza kutoa faili ghafi la megabaiti 30 hivi, na JPEG nzuri ya megabaiti 8. Katika kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, hiyo ni tofauti baina ya picha 2,000 na picha 8,000. Mwenye mshahara wa kuhesabu lazima ajiulize atanunua diski ngapi kwa mwaka.

Pili ni wepesi. JPEG hufunguliwa na simu na kompyuta karibu zote na hutumwa kwa jamaa saa ile ile. Faili ghafi hutofautiana kwa kila kampuni: la Canon si la Nikon, wala la Nikon si la Sony, na kamera mpya huweza kukataliwa na programu ya zamani. Ili kupunguza adha hiyo, kampuni ya Adobe ilitoa mwaka 2004 mtindo wa DNG ulio wazi kwa wote, lakini si makampuni yote yaliyoufuata.

Tatu ni ustadi wa kamera yenyewe. Wahandisi wametumia miaka mingi kuifundisha kusafisha picha. Fujifilm, kampuni iliyotengeneza mikanda tangu miaka ya 1930, imetia katika kamera zake rangi zinazoiga mikanda yake ya zamani kama vile Velvia na Provia, na wapo watu wanaozinunua kwa ajili ya JPEG zake hasa. Mtu huyo akisema kwamba kamera yake husafisha vizuri kuliko yeye, si haki kumwita mvivu. Anajua kazi anayoipenda: kupiga, si kukaa mezani.

IPI NI PICHA YA KWELI?

Mjadala huwa mkali zaidi linapotajwa neno ukweli. Wa JPEG husema: yangu haikuguswa na mkono. Wa RAW hujibu: yangu ndiyo asili. Mwaka 2015 ulionyesha jinsi hoja hizi zilivyosokotana. Mwezi wa Novemba, shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasilete tena picha zilizosafishwa kutoka mafaili ghafi; walete JPEG zilizotoka katika kamera, ili habari ifike upesi na isipambwe. Mapema mwaka huo huo, waandaaji wa mashindano ya World Press Photo, yenye makao yake Amsterdam, walidai kuona mafaili ya awali ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho. Walipoyalinganisha na picha zilizoletwa, waliziondoa karibu moja katika kila tano kwa sababu ya kurekebishwa kupita kiasi.

Shirika moja liliutafuta ukweli kwa kukataza usafishaji wa baadaye. Jingine liliutafuta kwa kudai asili. Yote mawili yalikubali kwamba picha husafishwa na mtu au na chombo, na kwamba msomaji ana haki ya kujua mipaka ya kazi hiyo. JPEG ambayo haikuguswa na mkono imeguswa na uamuzi wa mhandisi aliyechagua anga liwe buluu kiasi gani. Na faili ghafi halionekani hadi mtu aamue hayo hayo.

Mabwana wa zamani walilijua hili. Ansel Adams wa Marekani, aliyefariki mwaka 1984, alikuwa amejifunza piano katika ujana wake. Aliifananisha negativu na nota zilizoandikwa, na picha iliyochapishwa na muziki unapopigwa. Picha yake mashuhuri ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliipiga mwaka 1941 kwa negativu moja. Kwa miaka mingi aliichapisha tena na tena, na anga likawa likizidi kuwa jeusi. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa negativu ilikuwapo.

NAKALA KUU ISIGUSWE

Kwa askari, jambo hili si la kujifurahisha tu. Mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kuhusu picha za kidijitali za polisi, uliotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2007, ulitaka picha ya ushahidi iwe na nakala kuu isiyoguswa, na nakala nyingine ya kufanyia kazi. Mkazo uliwekwa juu ya asili kulindwa na kila hatua kuandikwa. Faili ghafi husaidia hapa, maana programu nyingi haziandiki juu yake. Huandika marekebisho kando. JPEG hufunguliwa, hukatwa na kuhifadhiwa juu ya ile ile, na kila ihifadhiwapo upya baada ya kurekebishwa hubanwa tena na kupoteza kidogo.

USHAURI KWA NYUMBA

Basi tuamueje? Uamuzi mzuri huanza na swali moja: je, tukio hili litarudi? Picha za kila siku, za bustani, za kuku na za watoto wakicheza, JPEG yazitosha. Kwa arusi, ubatizo, maulidi, gwaride au mazishi, iagizeni kamera ihifadhi mafaili yote mawili kwa pamoja. Kamera nyingi zina uwezo huo. JPEG itumwe kwa ndugu jioni ile ile, na faili ghafi liwekwe, kwani akiba haiozi. Miaka mitatu baadaye, mwenye mkono uliokwisha kuzoea aweza kuutoa gizani uso ambao leo umemshinda.

Na kabla ya kufikiria faili lolote, kipimeni kwanza mwanga kwa uso wa mtu, msikipime kwa vazi lake, nanyi mtazameni asiyapige jua mgongo. Baada ya hapo, wekeni nakala katika mahali pawili tofauti, mkaandike tarehe na majina ya waliomo. Kwa picha bora mno zilizokwisha kusafishwa, chapisheni karatasini japo chache. Wajukuu huenda wasiwe na programu ya kulifungua faili la kamera ya leo, lakini albamu wataifungua.