Surua: Kwa Nini Mtoto Arudishwe Kuchanjwa

Askari wa zamu katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga au Nakivale aweza kumkagua kila mgeni, lakini hawezi kuikagua surua. Virusi vyake husafiri kwa pumzi, na huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Makazi hayo yamo Isingiro, wilaya iliyokuwa sehemu ya Mbarara hadi mwaka 2005. Wakimbizi wa Rwanda walianza kufika huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja wengine kutoka Kongo, Burundi na kwingineko.

Mtoto huzaliwa na kinga aliyorithi tumboni mwa mamaye. Kinga hiyo ni mlinzi wa kuazima: humhifadhi kwa miezi kadhaa, kisha hudhoofika. Hata hivyo, mlinzi huyo ana kasoro. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyopunguzwa nguvu, ambavyo sharti vizaane kidogo mwilini ili jeshi la damu lijifunze kumtambua adui. Kinga ya mama ikiwa ingali na nguvu, huviangamiza kabla mafunzo hayajakamilika. Isitoshe, jeshi lenyewe la mtoto mchanga bado ni kuruta.

Ndiyo sababu nchi nyingi za Afrika huchanja katika umri wa miezi 9, ambapo watoto wapatao 85 katika kila 100 hupata kinga. Wakichanjwa katika miezi 12, hukaribia 95. Lakini penye mlipuko, kungoja ni hatari. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa katika milipuko, na miongoni mwa wakimbizi, chanjo ianze miezi 6. Dozi hiyo ni ya dharura tu, wala haihesabiwi katika ratiba. Mtoto arudishwe akiwa na miezi 9, na tena miezi 18, dozi ambayo Uganda iliiongeza mwaka 2022.

Jambo hili lawahusu askari na polisi pia. Familia zao huishi kwa kusongamana kambini, na uhamisho huja ghafla. Baba apatapo amri ya kuhama, kadi ya chanjo isafiri naye, na mama aulize kituo cha afya kilipo mara wafikapo. Kuruta hafuzu kwa gwaride moja. Mwili wa mtoto nao vivyo hivyo.