Pazia la Krismasi Lisilotaja Krismasi

Desemba ikishaanza kukolea, maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Kongo na mitaa jirani ya Kariakoo, Dar es Salaam, hujaa kina mama wenye vipimo vya madirisha yao, wengine kwenye kijikaratasi, wengine kichwani. Wanasema wazi kwamba wanatafuta pazia la Krismasi. Lakini sikiliza wanachomwulizia muuzaji: damu ya mzee, rangi ya maziwa, dhahabu, kahawia, kijani kilichoiva. Kitambaa chenye kengele, theluji au mzee wa ndevu nyeupe kipo, na bei yake si kubwa, ila wengi hukipapasa kidogo wakakirudisha. Vitambaa vya rangi zile walizoziulizia ndivyo vinavyogombewa mwezi wa Ramadhani unapoelekea kwisha. Hapo ndipo penye hoja yangu: pazia la Krismasi la uswahilini ni ndugu wa pazia la Idi, na halina undugu na mapambo ya Krismasi ya Ulaya. Ndiyo maana pazia linalofaa zaidi kwa sebule ndogo ni lile lisilotaja Krismasi hata kidogo.

Tuanze na chumba chenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vimepangana kushoto na kulia, uwani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila mlango ni kaya. Aliyepanga chumba kimoja hukigawa kwa pazia, kitanda huku, makochi kule. Aliyejaliwa chumba na sebule ana nafasi kidogo zaidi, lakini naye mchana huacha mlango wazi ili upepo upite, na kinachomsitiri na macho ya wapita ukumbini ni kitambaa tu. Mgeni husimama mbele ya kitambaa hicho na kupiga hodi, wala hakisogezi kabla ya kuambiwa karibu. Katika nyumba kubwa yenye ua na geti, pazia ni pambo la dirisha. Hapa pazia ni ukuta, ni mlango, na ndicho kitu cha kwanza cha nyumba ambacho mgeni anakigusa. Basi mtu mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa ajili ya sikukuu anapochagua pazia badala ya mti wa plastiki, amepiga hesabu yake vizuri.

Kwamba desturi hii ni ya sikukuu zote, si ya dini moja, huhitaji kwenda mbali kuona. Zanzibar, Mombasa na Lamu, siku za mwisho za mfungo nyumba huoshwa, kuta hupigwa chokaa au rangi, mashuka na mapazia hubadilishwa, watoto hushonewa nguo mpya. Mkristo wa Manzese au Buguruni, Dar es Salaam, hufanya mambo hayohayo Desemba, na pilau yake huvuka ukumbi kwenda kwa jirani Mwislamu kama ilivyovuka ya jirani siku ya Idi. Nairobi, wanunuzi hujazana Eastleigh na Gikomba kwa shughuli ileile, nao hubadilisha na vitambaa vya makochi, vile vya kufumwa kwa mkono ambavyo vijana huvicheka mpaka wapate sebule zao. Ushahidi mzito zaidi ni muda. Uingereza mapambo ya Krismasi hushushwa kufikia Epifania, tarehe 6 Januari, na kuyaacha ukutani baada ya hapo huhesabiwa mkosi. Kwetu pazia la Krismasi hupandishwa mkesha wa sikukuu likabaki hapo Pasaka, likabaki masika, likabaki hadi Desemba nyingine. Kitu kinachokaa mwaka mzima hakiwezi kuwa pambo la siku kumi na mbili.

Ukilikubali hilo, kuchagua kunakuwa rahisi. Picha za theluji zitachekesha mwezi wa Machi, achilia mbali kwamba Desemba ya pwani ni msimu wa kaskazi, joto limeshika. Ukutani mwa chumba cha mita tatu kwa tatu, maua makubwa huonekana kama yanamsogelea aliyeketi. Rangi moja tulivu, au mistari ya kusimama iliyo hafifu, hukiacha chumba kipumue. Damu ya mzee hupendeza, na haionyeshi vumbi upesi, ila chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani hugeuka pango. Hapo chukua rangi ya maziwa, damu ya mzee iwe ya ukingo tu. Kitambaa kizito chenye manyoya kingefaa Arusha au Limuru. Dar es Salaam kinazuia ule upepo ambao mlango uliachwa wazi kwa ajili yake. Upana uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha, la sivyo pazia hukosa mikunjo na kuonekana kama shuka lililoanikwa. Fimbo ikifungwa karibu na dari, chumba huonekana kirefu kuliko kilivyo. Na anayepikia ndani kwa jiko la gesi asikubali vitambaa vya nailoni virefu upande wa jiko, hata viwe vizuri vipi.

Wapo watakaosema kwamba Krismasi ni Krismasi, na Mkristo ana haki ya alama zake. Kwao, kuficha alama hizo ni kuona haya. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama nyekundu na kijani zingekuwa rangi za Kanisa kwa siku hiyo. Sizo. Katika liturujia ya Wakatoliki na ya Walutheri, Majilio ni zambarau na Noeli ni nyeupe, au dhahabu. Mwenye pazia la rangi ya maziwa lenye ukingo wa dhahabu yuko karibu zaidi na altare ya parokia yake kuliko mwenye pazia la kulungu na kofia nyekundu, vitu vilivyofika hapa kwa njia ya biashara.

Pingamizi zito ni la fedha. Baada ya Krismasi inakuja Januari, shule zinafunguliwa, na hata baada ya Tanzania kuondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Kununua pazia kwa mkopo ili jirani asikucheke ni ujinga, na desturi haitulazimishi kufika huko. Inachodai ni kwamba mgeni asikute nyumba ilivyokuwa jana. Pazia la mtumba kutoka soko la Karume, likifuliwa na kupigwa pasi, linatosha. La mwaka jana likifuliwa na kushonewa ukingo mpya linatosha pia, na fundi cherehani huifanya kazi hiyo kwa fedha kidogo, mradi umwahi kabla foleni haijamzidi. Tena pazia la rangi tulivu halifi haraka. Likitoka sebuleni huenda kusitiri kitanda, kisha dirisha la watoto, na mengine hupakiwa kwenye basi la Desemba kwenda kwa wazazi kijijini. Lenye picha ya theluji halina safari hiyo, kwa sababu hakuna chumba kinacholitaka mwezi wa Juni. Watoto wakililia vitu vya kumetameta, watundikiwe taa ndogo juu ya fremu ya mlango, au kochi livalishwe mto mmoja mwekundu, vitu ambavyo Januari vitaingia sandukuni huku mlango ukibaki na pazia lake.