Rangi Halisi Inapodanganya

Rangi ileile iliyopakwa kwenye kichwa cha treni kiwandani, ikichotwa kwenye kopo lilelile na kupakwa kwenye modeli yake, huiharibu modeli. Haiiharibu kwa kubanduka wala kwa kupasuka, bali kwa jinsi inavyoonekana. Kichwa kilichokuwa na wekundu ulioiva kikiwa relini huwa cheusicheusi kikiwa mezani, ribiti zake humezwa, na kitu kilichomgharimu fundi miezi ya kukata, kuchomelea na kupiga msasa huishia kuonekana kama gogo lililochovywa kwenye chokoleti. Wanaoanza kazi hii huwa hawaamini. Hutafuta namba ya rangi ya shirika la reli, hupeleka kipande cha bati kwenye duka la rangi za magari wachanganyiwe inayolingana nacho, na matokeo yakiwa mabaya humlaumu muuza rangi. Kosa si lake. Mpaka rangi wa modeli hanakili rangi; ananakili mwanga unaoiangukia rangi hiyo, na mwanga hauna skeli.

Tuchukue mfano unaofahamika Afrika Mashariki. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiundia Reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya daraja la 59, vile vya aina ya Garratt ambavyo boila hubebwa katikati ya injini mbili, mbele likiwa tangi la maji na nyuma tangi la mafuta. Kila kimoja kilipewa jina la mlima, kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 na urefu wa karibu meta 32. Kimojawapo, namba 5918 Mount Gelai, kipo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Rangi yake ni damu ya mzee. Katika skeli ya 1 kwa 87, ambayo wenyewe huiita HO, urefu huo unakuwa sentimeta 36 na ushee. Kichwa halisi husimama nje, chini ya jua ambalo mchana wa anga safi hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000. Modeli husimama chini ya taa ya chumba, laksi 300, pengine 500 kama mwenye nyumba haogopi bili ya umeme. Jicho hujirekebisha, ndiyo maana hatuoni giza, lakini halijirekebishi lote: mwanga ukipungua, rangi ileile hupungukiwa ukali, na tofauti kati ya weupe na weusi husinyaa. Tena doa dogo la rangi huonekana zito na lililofifia kuliko ukuta mzima wa rangi hiyohiyo, kama anavyojua kila aliyechagua rangi ya nyumba kwa kutazama kikaratasi cha dukani kisha akashtuka kuta zilipokauka. Damu ya mzee, ambayo tangu mwanzo ni nyekundu iliyo jirani na weusi, ndiyo huumia zaidi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mengine: kwamba kuitazama modeli kwa umbali wa sentimeta 60 ni sawa na kukitazama kichwa halisi kwa meta 52, na hewa iliyo katikati huipausha rangi. Hesabu ni sahihi, hitimisho ndilo lenye kasoro. Uwanja wa mpira una upana wa meta 68 hivi, na mtazamaji aliyekaa upande mmoja haoni jezi ya beki wa upande wa pili imepauka kwa sababu ya hewa. Hewa hupausha vilima vilivyo kilomita nyingi mbele, si kitu kilicho ng'ambo ya barabara. Ubishi huu si wa bure, kwa sababu anayeamini hewa ana dawa moja tu: humimina nyeupe katika kila kopo. Nyeupe ndani ya damu ya mzee huzaa waridi, na Garratt ya waridi ni kituko. Anayeelewa kuwa tatizo ni mwanga huona kwamba kuna vitu viwili vya kurudisha, ukali wa rangi na vivuli.

Ukali hurudishwa kwa kuongeza rangi jirani yenye nuru zaidi, nyekundu safi au chungwa, tone kwa tone. Fundi makini hukata vipande vya plastiki, akavipaka praima ileile atakayoitumia kwenye modeli, kisha akapuliza kila kimoja mchanganyiko uliozidi mwenzake kwa tone moja, akaandika idadi ya matone nyuma. Vikikauka havipeleki dirishani. Huvilaza palepale modeli itakaposimama, usiku, taa ikiwa imewashwa. Nyeusi tupu haitumiki kabisa. Hata pale ambapo vitabu vinasema sehemu za chini ni nyeusi, hupakwa kijivu kizito chenye kahawia kidogo, maana nyeusi tupu hufuta kila kona. Vivuli navyo vina kazi yake. Kwenye jua kali ukingo wa tangi hutupa kiza chini yake, na kila ribiti ina upande wa nuru na upande wa giza. Chumbani mwanga hutoka darini, hugonga kuta, huingia kila mahali, na vivuli vinayeyuka. Ndipo rangi iliyozimuliwa hadi kuwa nyepesi kama chai ya rangi hupitishwa kwenye maungio. Hukimbia yenyewe kuizunguka ribiti na kutulia kwenye mifereji. (Tina iwe ya aina isiyoyeyusha rangi ya chini, vinginevyo kazi ya wiki nzima huondoka kwa brashi moja.) Ikishakauka, brashi iliyofutwa kwenye kitambaa hadi ikakaribia kuwa kavu hupitishwa juu juu na rangi yenye nuru kidogo, ikagusa vichwa vya ribiti tu.

Mpenda usahihi atasema huu ni ulaghai: tukishaanza kuibadili rangi kwa ajili ya jicho, kipimo kiko wapi? Swali ni zuri, ila modeli ya muulizaji imeshajaa maridhiano. Reli ya upana wa meta moja ikigawanywa kwa 87 ni milimeta 11.5, njia zinazouzwa ni za milimeta 12. Waingereza wanaotumia OO, skeli ya 1 kwa 76.2, huendesha treni zao kwenye njia ya milimeta 16.5, ambayo ikikuzwa inakuwa milimeta 1,257 badala ya 1,435 za reli yao ya kweli. Treni nzima imesimama kwenye miguu iliyobanwa, na wameishi nayo vizazi kadhaa. Gurudumu la kawaida la HO lina upana wa karibu milimeta 2.8, wakati la treni ya Marekani likipunguzwa sawasawa lingekuwa 1.6 hivi, na jembamba namna hiyo lingetumbukia kwenye makutano ya njia. Hata rangi yenyewe haijapona: tabaka la mikroni 25, lililopulizwa kwa mkono mwepesi, likikuzwa mara 87 ni milimeta mbili na ushee, unene ambao treni haijawahi kuvaa. Haya yote hakuna anayeyaita ulaghai. Nakubaliana na mpenda usahihi kwa jambo moja: rangi halisi iandikwe na sampuli yake itunzwe, kwa sababu anayebadilisha bila kujua ameanzia wapi anabahatisha tu.

Pingamizi gumu zaidi ni la mng'ao. Kuna vichwa vilivyong'aa kweli, hasa siku ya kutoka kiwandani, na kuna wanaoona kuwa kuichakaza modeli kwa masizi na kutu ni kuitukana. Sisemi kila treni iwe chafu. Ninasema mng'ao haupunguziki. Kichwa halisi kinachong'aa huakisi anga, ardhi na watu wanaopita. Modeli inayong'aa huakisi balbu, na balbu ya sentimeta 6 ikikuzwa mara 87 ni jua lenye kipenyo cha meta tano lililoning'inizwa juu ya paa la dereva. Jicho huigundua hila hiyo papo hapo, hata kama mwenye jicho hawezi kuieleza. Kwa hiyo hata treni mpya kabisa humalizwa kwa vanishi ya nusu mng'ao. Vanishi inayong'aa ina zamu yake kabla ya hapo, wakati wa kubandika namba na herufi za kuloweka, kwa kuwa juu ya rangi inayokwaruza hewa hunaswa chini ya utando wa herufi na kuacha weupe kama wa fedha ambao hautoki kirahisi. Mmarekani John Allen, aliyefariki 1973, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuchakaza modeli zao kwa makusudi wakati wenzao wakizifuta zing'ae. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, na sidhani hilo lilikuwa sadfa. Mpigapicha hutazama mwanga kabla ya kutazama kitu.

Linabaki suala la taa, na hapa hoja yangu inanirudia mwenyewe. Kama modeli imepakwa kwa ajili ya taa fulani, basi taa ikibadilishwa modeli nayo inabadilika. Ni kweli, na siku hizi watu wanabadilisha taa. Balbu za zamani zilikuwa na umanjano uliopendelea rangi nyekundu. LED nyingi za bei rahisi zina uhaba wa wekundu ule mzito, na chini yake damu ya mzee hugeuka kahawia ya udongo hata kama matone yalihesabiwa vizuri. Mwenye vichwa vya kijani huenda asione tofauti kubwa. Mwenye Garratt za daraja la 59 asome boksi la taa kabla ya kufungua kopo la rangi: kuna namba inayoonyesha taa inavyozitendea rangi haki, ya juu kabisa ikiwa 100. Taa nyingi za nyumbani huandikwa 80; atafute ya 90 kwenda juu, aifunge kwanza, ndipo achanganye.