Buku na Wanyama Wengine wa Mwitu Wafugwao Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo yahusu wanyama ambao si mbwa wala paka, si kuku wala njiwa, walakini wameingia katika nyumba za watu, wakapewa majina, na kulishwa kwa mkono. Mahali pengine ni komba aliyeokotwa chini ya mnazi. Pengine ni nguchiro, au kalunguyeye aliyeletwa na watoto kutoka shambani. Hao tutawataja kwa ufupi mwishoni. Mnyama tutakayemsema zaidi ni buku, yule panya mkubwa wa mashimoni, kwa sababu tabia zake zimechunguzwa sana huku kwetu Afrika ya Mashariki, na kwa sababu wengi wamjua kwa jina tu, au kwa hasara ya mihogo na karanga zao.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mnyama wa kufugwa ni jambo moja, na mnyama aliyezoea mtu ni jambo jingine. Mbuzi ni mnyama wa kufugwa: wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, walichaguliwa na watu kwa maelfu ya miaka, aliyekuwa mkali alichinjwa, na mpole akaachwa azae. Upole umo katika damu yake. Bali mnyama aliyezoea mtu ni yule yule wa mwitu, ila amejifunza kwamba mkono huu haumdhuru. Mazoea hayo ni yake peke yake. Hawezi kuwarithisha watoto wake, na pengine hayavuki hata kutoka mkono wa bwana wake kufika mkono wa jirani.

Mpaka kati ya hali hizo mbili waweza kuvukwa, lakini si kwa urahisi. Wako wanyama wadogo waitwao hamsta, ambao watoto wa Ulaya na Marekani huwapenda sana. Mwaka 1930 mtaalamu mmoja wa wanyama, jina lake Israel Aharoni, aliyekuwa akikaa Yerusalemu, alisafiri mpaka karibu na mji wa Halabu katika nchi ya Sham, na huko wachimbaji wakafukua shimo lenye hamsta mama na watoto wake kumi na mmoja. Mama yule, kwa hofu ya kutiwa sandukuni, alimwua mtoto wake mmoja. Ikawapasa watu kumwua yeye ili wengine wapone. Watoto walilishwa kwa mkono. Wengine walitoroka, wengine walikufa, wakabaki wachache mno. Na hao wachache ndio mababu wa karibu hamsta wote wa rangi ya dhahabu wafugwao leo. Msomaji na aangalie jambo moja katika kisa hiki: mama, aliyekwisha kukua porini, hakuweza kustahimili mkono wa mtu hata kidogo; watoto, ambao walishikwa kabla hawajaijua dunia, waliweza. Tutaona kwamba mambo ya buku ni vivyo hivyo.

Basi buku ni mnyama gani? Watu humwita panya, lakini wataalamu hawamhesabu katika jamii moja na panya wa nyumbani. Jamaa zake wa karibu ni pamoja na wanyama wa kisiwa cha Bukini. Ukubwa wake humshangaza amwonaye mara ya kwanza, maana huweza kufika kilo moja na zaidi, na tangu pua mpaka ncha ya mkia hupata sentimita sabini au themanini. Mkia ndio alama yake: nusu ya kwanza ni nyeusi, na nusu ya mwisho ni nyeupe. Macho yake ni dhaifu. Mchana kutwa hulala, na usiku hutoka akiongozwa na pua na masikio. Ndani ya mashavu ana mifuko miwili, ambayo huijaza karanga, mbegu na vipande vya matunda mpaka kichwa chake kivimbe kama cha mtu mwenye matubwitubwi. Kisha huenda zake shimoni kuvimwaga ghalani. Shimo lake lina vyumba: kimoja cha kulala, kingine cha akiba, na kingine cha choo. Tena hupenda kuchukua hata vitu asivyoweza kula, kama vile sarafu na vifuniko vya chupa. Mwenye kumfuga akipoteza ufunguo, na autafute kwanza katika kitanda cha buku kabla ya kumshuku mtumishi.

Watu waliojifunza kuliko wote namna ya kumzoeza buku wako Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mahali ambapo shirika la APOPO limefanya kazi tangu mwaka 2000. Mwanzilishi wake ni Mbelgiji, Bart Weetjens, ambaye utotoni mwake alikuwa akifuga panya na hamsta, na alipokuwa mtu mzima akakumbuka jinsi pua zao zilivyo kali. Akafikiri ya kwamba mnyama kama huyo aweza kufundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, naye kwa wepesi wake asiyalipue. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Buku mmoja aliyezaliwa Tanzania, aitwaye Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu ya ardhini 71 na vilipukaji vingine 38. Mwaka 2020 chama cha PDSA cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyepata kupewa nishani hiyo kabla yake. Alikufa Januari 2022, mwenye umri wa miaka minane. Wengine hufundishwa kunusa makohozi ya wagonjwa ili kutambua kifua kikuu, na buku mmoja huweza kupitia vikombe mia katika muda wa dakika ishirini.

Twayasimulia haya si kwa ajili ya sifa tu. Buku hao hufundishwaje? Hapo ndipo penye fundisho kwa mtu wa nyumbani. Hawakamatwi wakubwa porini na kutiwa kazini, huzaliwa vizimbani. Wapatapo majuma matano hivi, watunzaji huanza kuwashika kila siku, kuwatembeza mikononi, kuwasikilizisha ngurumo za magari na sauti za watu, kuwakanyagisha majani na udongo, ili wakikua pasiwe na kitu cha kuwatia hofu. Baada ya hapo ndipo mafunzo yenyewe huanza: husikilizishwa mlio mdogo wa kidude, na kila mlio hufuatwa na kipande cha ndizi au karanga, mpaka buku ajue kwamba mlio ni ahadi ya chakula. Hapigwi, wala hakemewi. Kazi hiyo huchukua muda wa miezi tisa, pengine mwaka. Ikiwa watu waliokwisha kujizoeza kazi hiyo hutumia muda wote huo, mtu anunuaye buku mkubwa kwa mtega mitego, akamtia katika debe na kutumaini kwamba baada ya juma moja atamshika begani, ajue kwamba ataumwa. Tena meno ya buku hupasua ganda la nazi ya mchikichi. Kidole si kitu kwake.

Kwa yule ambaye kwa njia ya halali amepata kitoto cha buku kilichozaliwa kizimbani, shauri letu ni hili. Kizimba kiwe cha chuma au wavu wa waya mnene, kwa maana meno yake ya mbele hayakomi kuota, na ubao atautafuna usiku mmoja akatoka. Mpeni gogo la mti mgumu atafune apendavyo. Ndani wekeni maranda ya mbao, na chungu cha udongo kilicholazwa ubavu, kiwe badala ya shimo. Humo atalala gizani, naye atakuwa mtulivu. Jua kali ni adui yake. Huko Morogoro masikio na mikia yao hupakwa mafuta ya kukinga jua wanapofanya kazi nje. Baridi nayo haimfai, kwa kuwa hana mafuta mengi mwilini. Chakula si tabu: ndizi, viazi vitamu, karanga, mahindi, na dagaa wakavu mara kwa mara. Mkimwona akila mavi yake mwenyewe msishtuke wala msimwadhibu, maana ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa, na chakula hupita mara mbili ili nguvu yake isipotee. Ghala lake likaguliwe kila siku mbili tatu, na vilivyooza viondolewe. Lakini msilifagie lote, kwani buku aliyenyang'anywa akiba yake yote hufadhaika. Madume wawili msiwaweke pamoja. Wala msimshike kwa ghafula kutoka juu, kwa kuwa haoni vema, na kitu kishukacho juu yake porini ni bundi.

Sasa twafika penye neno zito. Mnamo Aprili 2003 wanyama wadogo wapatao mia nane walipakiwa kutoka Ghana kwenda Texas, Marekani, kuuzwa madukani kama wanyama wa kuchezea. Kati yao walikuwamo buku, kindi, na panya wadogo wa mitini. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa uitwao siku hizi mpox, ambao watu wengi waujua kwa jina la ndui ya nyani. Mwuzaji mmoja aliwaweka karibu na wanyama wengine wa mbuga za Marekani, wa jamii ya kindi, nao wakaambukizwa. Hao wakauzwa nyumbani mwa watu, wakabebwa na watoto vifuani. Watu 47 katika majimbo sita walihesabiwa kuwa wameugua au yamkini wameugua. Kwa bahati hakuna aliyekufa, lakini ugonjwa huo haukuwa umepata kuonekana kwa watu nje ya Afrika kabla ya hapo, na mwezi Juni mwaka huo huo serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza wanyama wa Afrika wa jamii ya panya. Tena huko Florida, katika kisiwa kidogo cha Grassy Key, buku waliotoka mikononi mwa mfugaji walizaana porini, na serikali ikalazimika kutumia miaka mingi kuwatega. Ubaya haukuwa wa buku. Ulikuwa wa biashara iliyochota wanyama porini kama mchanga, ikawachanganya masandukuni, na kuwakabidhi kwa watu wasiowajua.

Huku kwetu hatari zipo pia. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980 ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi, nayo huletwa na viroboto wa panya wa mwitu. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu watatu walikufa kwa homa ya mgunda, ugonjwa uambukizwao kwa mkojo wa wanyama. Kwa hiyo mnyama wa porini asiletwe ndani ya nyumba kwa ajili ya kumwonea huruma tu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali siku ile ile. Kadhalika sheria ijulikane. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka mtu awe na kibali, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Afisa wa wanyamapori aulizwe kwanza, si baada ya kizimba kujengwa.

Wale wengine tulioahidi kuwataja hawahitaji maneno mengi. Komba hupendwa kwa macho yake na vidole vyake kama vya mtoto, na wagema wamjua kwa kunywa tembo katika vibuyu vyao. Lakini hulowesha viganja na nyayo zake kwa mkojo kisha hurukaruka ukutani usiku kucha, na nyumba yenye komba hujulikana kwa harufu kabla ya kubishwa hodi. Nguchiro ni mwerevu, na wako waliomfuga awinde nyoka na panya. Ila yule wa miraba amezoea kuishi katika kundi, na akiwa peke yake hulialia. Kuku nao wakitaga, mayai huyarusha nyuma katikati ya miguu yake mpaka yapasuke ukutani. Tena huweza kuchukua kichaa cha mbwa. Kalunguyeye ndiye mpole kuliko hao wote, ijapokuwa si wa jamii ya panya: hujikunja, miiba ikasimama, na mtu akingoja kimya hujikunjua mwenyewe. Hula mende, minyoo na konokono, na bustani hufaidika kwake. Wengi humpa maziwa ya ng'ombe kwa kumhurumia, nayo humharisha vibaya. Apewe maji matupu, katika kisahani kizito asichoweza kukipindua.