Nani Mwamuzi wa Jina Irene?

Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, lugha nyingi za Uganda hukutana, na jina Irene lina sura zaidi ya moja. Kuna "Airin", linaloishia ghafla kwenye konsonanti, na kuna "Ayirini", lenye irabu mwishoni. Hilo la pili ndilo huchekwa kuwa la kishamba, eti kwa sababu Mwingereza hana irabu hiyo. Naona kicheko hicho hakina msingi. Mwingereza ni mpokeaji wa jina hili kama Mganda alivyo, na kwake pia halijatulia.

Wagiriki wa kale walisema Eirene, yaani amani, kwa silabi tatu. Waingereza walilipata kupitia Kilatini, na wengi wao waliendelea kulitamka kwa silabi tatu, "Airini", hadi ndani ya karne ya 20, kabla ya matamshi ya silabi mbili, yaliyozoeleka Marekani, kushika nafasi. Kwa hiyo "Airin" inayoitwa sahihi ni ya juzi tu. Jina Eunice linaonyesha zaidi. Biblia ya Kiswahili inamwita Eunike, ikihifadhi k ya Kigiriki. Waingereza walifuata herufi c ya Kilatini, wakailainisha kuwa s, ndipo tukapata "Yunis". Anayemsahihisha mwenzake kwa kipimo cha Uingereza anamtoa karibu na chanzo na kumpeleka mbali.

Utaniambia: basi Wagiriki wenyewe waamue. Wagiriki gani? Wa leo husema "Irini" na "Evniki", matamshi ambayo mababu zao wa enzi za Plato wangeyashangaa. Tena sidai kwamba i ya mwisho ya "Ayirini" imetoka Athens. Ni Kiganda tu, ambacho hufunga silabi zake kwa irabu, na kufanana kwake na Kigiriki cha leo ni sadfa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba, kwa mantiki hii, kila mtu atatamka apendavyo. La hasha. Matamshi ya kienyeji yana kanuni, na kanuni hizo ni kali. (Matakwa ya mwenye jina ni jambo jingine: akitaka "Airin", aitwe hivyo, kwa heshima tu.) Katika Kiganda r hukaa baada ya e au i, na kwingineko ni l, ndivyo pia inavyoandikwa katika tahajia sanifu ya mwaka 1947. Damaris, mwanamke wa Athens katika Matendo ya Mitume, ni Damari katika Biblia ya Kiswahili. Kwa Kiganda anapoteza s ya mwisho vilevile, lakini r yake imefuata a, hivyo lazima igeuke: Damali. Hakuna aliyekosea ulimi hapo. Mutesa wa Pili, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alimwoa Damali Nnakawombe mwaka 1948, na mama yake Kabaka aliitwa Irene Drusilla Namaganda. Kasri moja, majina mawili ya Kigiriki, kanuni ileile: la mke likapata l, la mama likabaki na r kwa kuwa imetanguliwa na i.