Bima ya usonji Marekani: Sheria zimepita majimbo yote 50, watetezi bado hawaelewani

Wazazi wengi wa Kiswahili walioko Marekani wenye watoto wa usonji wanakutana na jambo linalowachanganya. Wanahangaika miezi mingi mpaka bima inakubali kulipia tiba. Wakishafurahi, wanakuja watu wazima wenye usonji wenyewe na kuwaambia: tiba hiyo msimpeleke mtoto, sisi ilituumiza.

Nani wa kumsikiliza? Jibu si jepesi, kwa sababu wanaobishana wote wanajiita watetezi wa watoto hao hao.

Wazazi walivyopigania bima

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni nyingi za bima zilikuwa zikikataa kulipia usonji. Nyingine zilisema hiyo ni kazi ya skuli, nyingine zilisema tiba yenyewe bado ni majaribio. Indiana ndiyo iliyotangulia kuzibana kisheria, mwaka 2001.

Mapambano yenyewe yalipamba moto 2007 huko South Carolina. Lorri Unumb, mwanasheria na mama wa mtoto mwenye usonji aitwaye Ryan, aliandika muswada mwenyewe na kuusukuma pamoja na wazazi wenzake. Gavana Mark Sanford aliupiga kura ya turufu. Bunge la jimbo likaitengua kura yake, na muswada ukawa sheria, maarufu kama Sheria ya Ryan. Iliruhusu hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa tiba ya tabia, mpaka mtoto afikishe miaka 16. Mwaka uliofuata Pennsylvania ikapitisha ya kwake: dola 36,000 kwa mwaka, kwa walio chini ya miaka 21.

Shirika la Autism Speaks, lililoanzishwa 2005 na Bob na Suzanne Wright baada ya mjukuu wao kugunduliwa na usonji, liliichukua kampeni hiyo jimbo kwa jimbo. Kwa hesabu ya shirika hilo, Tennessee ilikamilisha majimbo 50 mwaka 2019.

Kwa wazazi huu ulikuwa ukombozi. Tiba inayozungumzwa, iitwayo ABA, inaweza kufika saa 40 kwa wiki, na gharama yake kwa mwaka inaweza kupita mshahara mzima wa mzazi mmoja.

Ugomvi uko wapi?

ABA inafundisha jambo kwa vipande vidogo vidogo. Mtoto anarudia rudia, na akipatia anazawadiwa. Sifa yake ilipanda 1987, pale Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA alipotangaza kwamba kati ya watoto 19 aliowafundisha, 9 waliweza kusoma darasa la kawaida. Lakini katika kazi hiyo mtoto aliyekosea aliweza kukemewa, hata kupigwa kofi la paja. Wataalamu wa leo wanasema mambo hayo yamekwisha, na kwamba siku hizi wanafundisha kwa michezo.

Watu wazima wenye usonji hawaridhiki na maelezo hayo. Mwaka 2006 Ari Ne'eman, mwenye usonji mwenyewe, alishiriki kuanzisha shirika la ASAN linaloongozwa na watu wenye hali hiyo. Hoja yao si kwamba watoto waachwe bila msaada. Wanasema mtoto akifundishwa kutulia kitini, kutazama watu machoni na kuacha kupunga mikono, anachojifunza ni kujificha, na kujificha huko kunamchosha mpaka ukubwani.

Kwenye sheria, malalamiko yao ni kwamba nyingi zinaitaja ABA kwa jina. Pesa ya bima ikaelekea huko, na vituo vikachipuka kila mahali. Wanataka mkazo uende pia kwenye tiba ya matamshi, vifaa vya kumsaidia asiyezungumza kuwasiliana, na huduma za nyumbani kwa watu wazima. Usonji hauishi mtu akitimiza miaka 21.

Wafanyabiashara nao waliona mlango. Mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilinunua CARD, moja ya kampuni kubwa za vituo vya ABA. Kufika 2023, CARD ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya kufilisika.

Kuna upande wa tatu. Mwaka 2019 wazazi wa watoto wenye hali nzito walianzisha National Council on Severe Autism. Hao ni wazazi wa watoto wasiosema kabisa, wanaojipiga vichwa ukutani au kukimbilia barabarani. Wao wanasema: anayeweza kusimama mbele ya wabunge akatoa hotuba hawezi kumsemea mwanangu. Wa ASAN nao wanajibu kwamba hata kwao wamo wasiozungumza kwa mdomo, wanaoandika kwa kifaa, na kwamba hao ndio wa kwanza kusahauliwa.

Mambo ya kuuliza

Wakati mabishano yakiendelea, mzazi anatakiwa kuamua wiki hii. Yafuatayo yanafaa kujulikana.

Kwanza, muulize mwajiri: matibabu yanalipwa na kampuni ya bima, au mwajiri analipa kwa mfuko wake na kampuni ya bima inashughulikia makaratasi tu? Kama ni mfuko wa mwajiri, sheria ya jimbo haimlazimishi, kwa sababu ya sheria ya taifa ya 1974 iitwayo ERISA. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wako huko.

Pili, mtoto aliye kwenye Medicaid ana haki ya matibabu anayoyahitaji mpaka afike miaka 21. Na skuli ya serikali inawajibika kumhudumia bure, tena haiulizi karatasi za uhamiaji.

Tatu, bima ikikataa, omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa. Ikikataa tena, mara nyingi unaweza kudai mtu wa nje ya kampuni aamue.

Nne, kabla ya kusaini kituo chochote, uliza: nitaruhusiwa kukaa ndani na mwanangu? Malengo yake nani anayapanga? Akikataa kufanya jambo, mtamfanya nini? Kituo kisichotaka kujibu maswali haya, si cha kumwachia mtoto saa 40 kwa wiki, hata kama bima inalipa yote.