Chumvi za Kuzuia Moto katika Sponji ya Magodoro

Kile kiitwacho sponji katika maduka ya magodoro ni povu lililoganda la plastiki ya poliyurethani. Plastiki za jamii hiyo zilibuniwa nchini Ujerumani mwaka 1937 na mwanakemia Otto Bayer pamoja na wenzake. Kwa sababu ya wepesi na ulaini wake, sponji imechukua mahali pa sufi na usumba katika nyumba nyingi, na imo pia katika makochi na viti vya magari. Pamoja na faida hizo, ina hatari moja kubwa: ikishika moto huungua upesi mno, na moshi wake huua. Mojawapo ya njia za kupunguza hatari hiyo ni kutumia chumvi za kikemia. Njia hiyo ni ya zamani kuliko sponji yenyewe, lakini ina masharti yake.

Kwa nini sponji huungua upesi

Sponji hutengenezwa kwa kuchanganya vimiminika viwili, yaani polioli na isosianati, pamoja na maji kidogo. Maji yakikutana na isosianati hutoa gesi ya kaboni dioksidi, nayo gesi hiyo huumua mchanganyiko kama hamira iumuavyo unga. Povu likishaganda, zaidi ya asilimia 95 ya ujazo wake huwa ni hewa. Plastiki yenyewe ni vijiti na vitando vyembamba tu vinavyozunguka vijitundu.

Kwa umbo hilo, moto hupata kila kitu unachokihitaji. Oksijeni imo ndani ya vijitundu, na eneo la plastiki linaloguswa na hewa ni kubwa sana. Hali kadhalika, joto halipotei, kwa kuwa sponji ni kihami kizuri cha joto. Sehemu iliyo karibu na moto hupata joto haraka, na ifikapo digrii 200 hadi 300 za Sentigredi plastiki huanza kuvunjika. Sehemu ya isosianati hutoka kama moshi wa manjano. Polioli hubaki kama kimiminika, hudondoka chini na kufanya dimbwi linalowaka. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi na, kwa kuwa sponji ina naitrojeni, mna pia hidrojeni sianidi. Aghalabu ni gesi hizo, wala si ndimi za moto, zinazomwangusha mtu kabla hajaufikia mlango.

Chumvi zilivyotumika tangu zamani

Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wa kukinga nguo na karatasi dhidi ya moto, ambao ulikuwa na shabu na boraksi. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac, kwa agizo la Mfalme Louis wa 18, alitafuta njia ya kukinga vitambaa vya majumba ya michezo ya kuigiza ya Paris. Aliona kwamba chumvi za amonia, hasa fosfati, na mchanganyiko wake na boraksi, hufanya kazi vizuri.

Chumvi hizo si ngeni kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Salfati ya amonia ndiyo mbolea ya S/A, na fosfati ya amonia yenye amonia mbili ndiyo mbolea ya DAP. Dawa inayolisha mmea shambani ni ileile iwezayo kuzima moto katika pamba.

Jinsi chumvi zinavyopinga moto

Chumvi hupinga moto kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni kugeuza namna kitu kinavyoungua. Fosfati ya amonia ikipata joto huvunjika hivi:

(NH₄)₂HPO₄ → 2NH₃ + H₃PO₄

Amonia hutoka kama gesi na kuizimua hewa iliyo karibu na mwali. Asidi ya fosforiki hubaki, na kazi yake ni kunyonya maji kutoka katika molekuli za kitu kinachoungua. Badala ya kugeuka gesi zinazowaka, kaboni nyingi hubaki kama mkaa. Ukoko huo wa mkaa huzuia joto lisiingie ndani na gesi zisitoke nje.

Njia ya pili ni kuyeyuka na kufunika. Boraksi ikipata joto hupoteza maji yake, kisha huyeyuka na kuwa kama kioo kinachovifunika vijiti vya plastiki au nyuzi za kitambaa.

Njia ya tatu ni kupoza. Hidroksidi ya aluminiamu, ambayo hasa ni besi wala si chumvi, hutumika kwa kusudi hilo. Kuanzia kama digrii 200 hutoa mvuke:

2Al(OH)₃ → Al₂O₃ + 3H₂O

Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba gramu 156 za hidroksidi hutoa gramu 54 za maji, yaani zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Joto linalotumika kuyafukuza maji hayo ni joto ambalo moto umenyang'anywa.

Ugumu wa sponji

Kitambaa cha pamba kikichovywa katika maji ya chumvi, nyuzi zake hunyonya maji hayo. Sponji haifanyi hivyo. Maji huingia katika vijitundu, lakini plastiki yenyewe haiyanyonyi. Yakishakauka, chumvi hubaki juu ya vijiti kama vumbi la fuwele. Mtu akilalia godoro kila usiku, sponji hujikunja na kujikunjua, na fuwele hupukutika. Mtoto akikojoa, au godoro likioshwa, chumvi huyeyuka na kwenda zake. Katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ile ya pwani, baadhi ya chumvi hunyonya unyevu huo na kulifanya godoro liwe na majimaji. Hivyo basi, godoro lililonyunyiziwa chumvi laweza kufaulu jaribio siku ya kwanza, na likashindwa baada ya miezi michache bila mwenyewe kujua.

Kutia chumvi wakati wa kuumua sponji nako kuna matatizo yake. Chembe huzama chini ya polioli na kuziba midomo ya mashine. Chumvi zenye asidi hupunguza nguvu ya vichocheo vya amini, na povu likaporomoka kabla ya kuganda. Chembe zikizidi, sponji huwa nzito na ngumu.

Kwa sababu hizo viwanda hutumia zaidi polifosfati ya amonia. Katika chumvi hiyo fosfati zimeungana kwa mnyororo mrefu, ndiyo maana huyeyuka kidogo sana katika maji. Pengine kila chembe huvikwa utando wa utomvu wa melamini ili maji yasiifikie. Melamini yenyewe, ingawa si chumvi, hutiwa pia katika sponji, kwani ikipata joto hupoza moto na kutoa gesi za naitrojeni zisizowaka kwa urahisi.

Jaribio la darasani

Sponji isichomwe darasani kamwe, kwa sababu moshi wake ni sumu. Mwalimu aweza kutumia karatasi ya kuchujia badala yake. Gramu 10 za DAP ziyeyushwe katika mililita 100 za maji, kisha maji yachujwe. Vikatwe vipande vitatu vya karatasi. Cha kwanza kiachwe kama kilivyo. Cha pili kichovywe na kukaushwa. Cha tatu kichovywe na kukaushwa, kisha kisuuzwe mara kadhaa kwa maji safi na kukaushwa tena. Kila kipande kishikwe kwa koleo na kuwashwa mahali penye hewa, ndoo ya maji ikiwa karibu.

Kipande cha kwanza huteketea. Cha pili hugeuka mkaa pale kilipoguswa na mwali, na mwali ukiondolewa huzimika. Cha tatu huwaka karibu sawa na cha kwanza. Kinga ilikuwapo, lakini imeondoka na maji.

Mipaka ya kinga

Tarehe 8 Mei 1979 moto ulizuka katika idara ya samani ya duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, na watu 10 walifariki. Samani zilizoungua zilikuwa na sponji ya poliyurethani. Maafa ya namna hiyo yalichangia kutungwa kwa kanuni za mwaka 1988, zinazotaka sponji ya samani za nyumbani nchini humo ipimwe kwa kuwashiwa kichanja cha vijiti vya mbao chenye uzito wa gramu 17. Yafaa ieleweke kwamba huo ni moto mdogo. Sponji inayoushinda moto wa gramu 17 bado huungua ikikutana na bweni linalowaka. Kinga hununua dakika chache tu.

Tena, si kila dawa ya kuzuia moto ni salama. Nchini Marekani sponji nyingi zilitiwa michanganyiko ya bromini iitwayo pentaBDE, ambayo haikushikamana na plastiki. Ilihamia katika vumbi la nyumba na kuingia miilini mwa watu, na mwaka 2009 ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa. Boraksi nayo huweza kudhuru uzazi ikiingia mwilini kwa wingi, kwa hiyo haifai watu kujinyunyizia wenyewe magodoro yao.

Kwa shule za bweni dakika hizo chache ni jambo la uhai. Nchini Kenya, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli walifariki kwa moto wa bweni mwaka 2001, na mwaka 2024 wavulana 21 wakafariki katika shule ya Hillside Endarasha. Magodoro si chanzo cha moto, lakini katika bweni kila kitanda hubeba kuni za moto huo. Shule inaponunua magodoro, yafaa imuulize mwuzaji mambo mawili: sponji ilipimwa kwa jaribio gani, na je, dawa ilichanganywa kiwandani au ilinyunyizwa baadaye. Hata majibu yakiridhisha, dakika zilizonunuliwa na chumvi hazina faida ikiwa mlango umefungwa kwa kufuli. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo.